Ada na Ibada katika Mwambao wa Ziwa

Sisi watu wa pwani tukimtaja Mkristo, fikira zetu aghalabu hukimbilia Jumapili. Twamwona bwana kavaa suti, mkewe kajitanda kitambaa, watoto wamepakwa mafuta hata wanameremeta, wote wanakwenda kanisani asubuhi na kurejea adhuhuri. Kisha, twadhani, dini hutiwa kabatini pamoja na ile suti, isitolewe mpaka juma la pili. Dhana hiyo ni nyepesi. Mwenye kuishika na afunge safari mpaka mwambao wa Ziwa Viktoria, ashukie Kendu Bay au Rongo, akae na watu wa huko siku saba tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa wilaya ya Nyanza ya Kusini, na tangu 2013 pana kaunti mbili, Homa Bay na Migori.

Wakristo wa huko ni wa madhehebu mengi. Wako Wakatoliki, ambao jimbo lao la Homa Bay lina askofu wake tangu 1993. Wako Waanglikana, wako watu wa makanisa ya Roho, wako Legio Maria. Lakini nitaanza na Wasabato, yaani Waadventista wa Siku ya Saba, kwa kuwa hao ndio watakaomshangaza zaidi msomaji aliyezoea adhana.

La kwanza la kushangaza ni kuwa siku yao huanza magharibi. Ijumaa jua likishatua, kwao hiyo si Ijumaa tena. Sabato imekwisha ingia, na haitatoka mpaka jua la Jumamosi litue. Mzee yeyote wa Lamu au wa Vanga hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Sisi nasi tusemapo usiku wa Ijumaa twakusudia ule usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ambao mtu wa ofisini huuita Alhamisi usiku. Ni watu wangapi waliokosa karamu kwa kutoelewana juu ya hilo! Basi ajapo mtu wa Gendia akakwambia kuwa Jumamosi yake imeanza jana jioni, ujue amekukuta nyumbani kwako.

Ila lugha yetu imewatilia Wasabato mtihani. Kiswahili huanza kuhesabu siku baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni ya pili, mpaka ufike Jumatano ambayo ni ya tano. Baadaye yaja majina ya Kiarabu, Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano, hata juma letu likawa lina siku mbili za tano, na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Hesabu hiyo imepangwa na watu ambao kitovu cha juma lao ni Ijumaa. Sasa muhubiri wa Kisabato asimame aseme kwa Kiswahili fasaha kuwa Jumamosi ndiyo siku ya saba. Jina la siku lenyewe lamkanusha! Kwa Kijaluo hana taabu hiyo. Jumatatu huitwa Wuok Tich, yaani kutoka kwenda kazini, Jumanne Tich Ariyo, kazi ya pili, na kuendelea mpaka Tich Abich, kazi ya tano, ambayo ni Ijumaa. Siku zimehesabiwa kwa kazi, na kazi ikisha, mapumziko.

Wasabato walifika Gendia, jirani na Kendu Bay, mwezi wa Novemba 1906. Mkubwa wao alikuwa Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na pamoja naye Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na kutoka Kisumu mpaka Gendia ni kuivuka ghuba tu. Carscallen alijifunza Kijaluo akakiandikia sarufi, na mwaka 1913 pakawekwa hapo Gendia mashine ya kupiga chapa. Baadaye misheni ikaenea Karungu, Rusinga, na Kamagambo upande wa Migori, ambapo pana chuo chao mpaka leo.

Nami, kwa kuwa nimekula chumvi ya magazeti, hiyo mashine ya chapa ndiyo inayonishughulisha kuliko majengo yote. Dini iliyofika na kitabu na mashine ya kukizidisha ilifika na ada ya kusoma. Wakristo wa mwanzo wa Kijaluo waliitwa josomo, watu wa kusoma, na msomaji ataona mara moja neno hilo limesafiri kutoka wapi.

Ada ya nyumba ya Kisabato ni hii. Alfajiri, kabla ya watoto kushika njia ya shule na mama kwenda shambani au sokoni, watu wa nyumba hukusanyika. Huimbwa wimbo mmoja, katika kitabu cha Wende Nyasaye kwa wasemao Kijaluo, au Nyimbo za Kristo kwa wasemao Kiswahili. Husomwa ukurasa mmoja wa kitabu kiitwacho Kesha la Asubuhi, ambacho kila ukurasa umeandikwa tarehe yake juu, tangu Januari mosi mpaka mwaka umalizike. Huombwa dua fupi. Basi, watu hutawanyika. Jioni hukutana tena hivyo hivyo, kabla ya kulala. Na katikati kuna lesoni, kijitabu cha miezi mitatu chenye masomo ya wiki 13. Kila wiki ina somo lake na kila siku ina fungu lake, ambalo mtu hulisoma peke yake, ili siku ya Sabato ikifika aje na la kusema mbele ya wenziwe. Lesoni isomwayo Gendia leo ndiyo isomwayo Brazil na Marekani siku hiyo hiyo.

Hilo jina la Kesha la Asubuhi lilinichekesha nilipolisikia mara ya kwanza. Kwetu kukesha ni kutolala; kesha ni la maulidi, la arusi, la kumuuguza mgonjwa. Kesha la asubuhi likoje? Lakini mtu akilitia mizani ataona mfasiri hakukosea sana. Walinzi hugawana usiku kwa zamu, na zamu ya mwisho ndiyo ile inayopokewa na alfajiri. Ndiyo zamu ngumu kuliko zote, ya usingizi mtamu, na mwadhini wetu huijua vizuri.

Aliyelelewa na uradi hataona ugeni katika mambo haya. Ratibu ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki 1720, ingali yasomwa katika misikiti yetu, na haikudumu karne tatu kwa urefu wake, maana si ndefu. Imedumu kwa kuwa ina saa yake na mahali pake, na mtoto huikuta inasomwa kabla hajajua maana yake. Kurani yenyewe imegawanywa juzuu 30, ili mwenye mwezi mmoja aweze kuimaliza asilemewe. Na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alifundisha kuwa amali ipendwayo zaidi ni ile idumuyo hata ikiwa chache.

Hapa pana jambo la lugha ambalo sina budi kulitaja. Masikioni mwa Mswahili neno ibada limebeba ada ndani yake. Ukiling'oa i na b, ada yabaki. Waliosoma chuoni wajua kuwa katika Kiarabu hayo ni maneno mawili ya mizizi mbalimbali, moja la mazoea na moja la utumwa kwa Mola, na mafakihi wetu huyatenga kwa nia. Mtu aoshae uso kwa joto na mtu atiae udhu hutumia maji yale yale. Lakini sikio la Kiswahili nalo limesikia kitu. Ibada isiyopata ada hufa upesi, sawa na mche uliotiwa ardhini usinyweshwe. Na ada iliyoondokewa na nia hubaki kama nyumba iliyohamwa, milango iko na watu hawako. Wasabato wenyewe hulijua jambo hilo, na si haba mahubiri yao yanayowaonya wale wasomao ukurasa wa leo kwa macho na fikira ziko sokoni.

Tofauti yao na sisi iko katika mwito, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuzingatiwa zaidi. Mtu wa Mombasa huitwa mara tano kwa siku. Hata asiyesali huitwa. Sauti humfikia kitandani, dukani, ndani ya matatu. Akiiacha sala ameiacha akijua, na jirani pengine anajua. Msabato wa Ndhiwa au wa Nyatike haitwi na mtu. Tangu Jumapili mpaka Ijumaa mchana yuko peke yake na nyumba yake. Asipofungua kitabu alfajiri hapana ajuaye ila mkewe na watoto wake. Kwa hiyo wazee wao wameitundika kila ibada katika msumari ambao tayari ulikuwako ukutani: tarehe juu ya ukurasa, moto wa chai ya asubuhi, taa ya jioni, kutua kwa jua. (Nimesema chai kwa mazoea yangu. Mafundisho yao huwanasihi waache chai na kahawa kwa jumla, na sijui vibaraza vyetu vingekuwaje kwa sharti kama hilo. Wako wanaolishika na wako wanaokunywa.)

Wakatoliki wao wana kengele. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, mwenye kuifuata ada hiyo husimama mahali alipo akasema sala ya Malaika wa Bwana. Ni mwito mara tatu, na tusioujua huidhani kengele ya shule.

Legio Maria nao wana njia yao. Chimbuko la jina ni Legioni ya Maria, chama cha Wakatoliki wa kawaida kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, na kilicholetwa Kenya na mwanamke wa Ireland, Edel Quinn, aliyefika Nairobi 1936 akafia huko 1944. Wanachama wake walifunga ahadi ya kusali kila siku bila ya kungoja padri. Ada hiyo iliingia katika vijiji vya Wajaluo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikazaa kanisa jipya chini ya Simeo Ondetto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko. Kanisa lao liliendelea na Kilatini ambacho Wakatoliki wenyewe walikuwa wakianza kukiacha. Ondetto alifariki 1991, na Got Kwer, huko Migori, ndiko wafuasi wake waendako kuhiji. Imani yao juu yake haikubaliwi na Mkatoliki wala na Mwislamu, na sina haja ya kuingia humo. Nililotaka kulitaja ni ile tasbihi shingoni. Rozari ina mafungu matano ya punje kumi kumi, yetu ina punje 33 au 99, na kidole gumba kikishazoea hutembea chenyewe, iwe ni Lamu au ni Got Kwer. Tena Wakatoliki wengi waandikapo Kiswahili, rozari huiita tasbihi vile vile.

Turudi kwa Wasabato, maana bado sijaifikia Ijumaa yao. Huiita siku ya maandalio. Nguo hufuliwa, nyumba hufagiliwa, maji huchotwa, chakula cha kesho hupikwa kikabaki kupashwa moto tu. Deni linaloweza kulipwa hulipwa. Duka hufungwa mapema. Sisi Ijumaa yetu si ya kupumzika; tumeamrishwa kuacha biashara mwito unapolingana, na sala ikisha tuna ruhusa ya kutawanyika tukatafute riziki. Wao hufunga saa ishirini na nne nzima, na yule asiyejiandaa mchana wa Ijumaa huiona adhabu yake usiku.

Chakula chenyewe kina masharti ambayo nusu tutayatambua na nusu yatatustaajabisha. Nguruwe hawali, pombe hawanywi, tumbaku hawavuti. Katika samaki hula mwenye mapezi na magamba, kama ilivyo katika Torati. Kwa hiyo ngege ni halali kwao, mbuta ni halali, omena ni halali, na kambale, ambaye Wajaluo humwita mumi na wengi humsifu kwa mafuta yake, haliwi. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tumefunguliwa bahari yote. Msabato akialikwa Ramadhani katika meza ya pwani angeupisha mchuzi wa papa, angempisha pweza, angewapisha kamba na kaa, mwishowe angebaki na mkate wa mofa na tende. Kwa ukali wa samaki wametushinda.

Mtu ataweza kusema kuwa haya yote ni mambo ya jikoni. Lakini ada hupimwa pale inapodai fedha. Chukua omena, hao dagaa wa ziwani ambao maelfu ya nyumba za Mbita, Homa Bay na Muhuru huishi kwao. Huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu za jua. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki, basi wavuvi hungoja giza, kama wafanyavyo wavuvi wetu. Fauka ya hayo, serikali huuzuia uvuvi wa omena tangu Aprili mpaka Julai ili samaki wazaliane. Sasa hesabu nami. Mwaka una Ijumaa 52. Ondoa 17 au 18 za miezi iliyozuiwa, ondoa na zile za mbalamwezi, zabaki kama 26. Usiku 26 wa neema, ziwa limetulia, giza totoro, taa za wengine zimetapakaa majini kama mji, na mvuvi wa Kisabato yuko nyumbani akiimba na watoto. Mashua si lazima iwe yake. Mwenye mashua ana jamaa wengine wa kuwapa. Huyu mvuvi haachi samaki wa usiku mmoja tu. Yawezekana anaacha nafasi yake katika mashua. Wako walioshindwa, na mimi siwalaumu. Wako waliotafuta tajiri wa dini yao, au wenziwe wa kubadilishana nao zamu. Ada iliyoanzia katika ukurasa mmoja wa alfajiri ndiyo inayomwezesha mtu kukaa usiku huo, kwani asiyezoea kumpa Mungu robo saa hawezi kumpa usiku mzima wa samaki.

Watoto nao wana lao. Shule nyingi za Kenya, hasa za bweni, hufundisha Jumamosi, hutahini Jumamosi, husafisha Jumamosi. Mtoto wa Kisabato akikataa huonekana mkaidi. Kanisa lilikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikalikatalia, likakata rufani, na mwezi wa Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikalipa haki: wanafunzi hao wapewe nafasi ya ibada tangu kutua kwa jua Ijumaa mpaka kutua kwa jua Jumamosi.

Naomba msomaji wa pwani asipite mbio hapo. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2016, mahakama hiyo hiyo ya Rufaa iliwakubalia wasichana wa Kiislamu wa shule ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, huko Isiolo, kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, baada ya Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule hiyo, kupinga. Furaha yetu haikudumu. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu, kwa sababu za jinsi shauri lenyewe lilivyofikishwa mahakamani. Mashauri hayo mawili ni ndugu. Katika yote mawili mtoto ana ada aliyofunzwa kwao, na shule ina kanuni yake, na swali ni nani atakayempisha mwenziwe. Tunaolilia hijabu twapaswa kuifahamu Sabato ya mtoto wa Rongo, wala haitutoi katika dini yetu kuifahamu. Nasi pia tuna Jumamosi yetu. Ni watoto wangapi wa Mombasa na Malindi ambao Jumamosi yao ya madrasa imeliwa na masomo ya ziada, na wazazi tumenyamaza kwa kuwa mtihani unakaribia? Wasabato hawakunyamaza. Walikuwa wachache katika shule zile, wakasimama miaka kadhaa mbele ya mahakimu kwa ajili ya siku moja.

Wala asidhani mtu kuwa huko ziwani hakuna wa kwetu. Kendu Bay ina Waislamu wa asili ya Kijaluo wa miaka mingi, na misikiti yao, na kanzu zao. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa mtu wa sehemu hizo, akasilimu. Na mwanawe, baba wa Rais huyo, shule yake ya kwanza ilikuwa Gendia, kwa Wasabato. Hivyo ndivyo watu walivyochanganyika huko. Katika ukoo mmoja mjomba huenda msikitini, shangazi huvaa rozari, na binamu hafungui duka Jumamosi, na matanga yakitokea wote hukaa chini ya mwembe mmoja.

Ijumaa Kendu Bay, basi, ina vipindi viwili. Mchana maduka ya Waislamu hufungwa kwa sala ya Ijumaa yakafunguliwa tena. Jioni huwa zamu ya Wasabato. Jua la huko hutua kama dakika 20 baada ya la Mombasa, na wakati mwadhini apandapo kuita magharibi, jirani yake Msabato huwa amekwisha ondoa sufuria mekoni, ameufunika moto kwa jivu, na mtoto mmoja ametumwa kukitafuta kitabu cha nyimbo.